Shilingi Laki Mbili za Mpika Malwa: Kifaa Kipi Kianze?

Kalerwe, kaskazini mwa Kampala, pale barabara ya Gayaza inapokutana na barabara ya mchepuo, inajulikana kwa soko lake: matoke, nyanya, mboga na nafaka kwa bei ambayo kibarua anaimudu. Nyuma ya vibanda, kuelekea bondeni kwenye mtaro wa Nsooba, kuna kazi nyingine isiyopigiwa kelele. Katika nyua za vyumba vya kupanga hupikwa malwa ya ulezi, kwete ya mahindi na tonto ya ndizi. Wapishi wengi ni wanawake, na pesa ya chungu ndiyo inayolipa ada ya shule na kodi ya chumba.

Mpishi wa namna hiyo huweka akiba kidogo kidogo. Siku akiba inapofika kiasi cha kuonekana, tuseme shilingi laki mbili za Uganda, swali huja lenyewe: ninunue nini ili kazi iende vizuri zaidi? Pipa la pili? Sigiri bora? Kichanja cha kuanikia? Mzani? Mwenye mtaji mkubwa akikosea mwaka huu atanunua kingine mwaka ujao. Mwenye laki mbili akikosea, amekula akiba ya miezi. Kwa hiyo uamuzi wake unahitaji hesabu makini kuliko wa tajiri.

Ushauri anaopewa mara nyingi na jirani au mteja ni kuongeza wingi: nunua pipa kubwa, upike zaidi, uuze zaidi. Hoja ya makala haya ni kinyume chake. Mwenye mtaji mdogo aanze na kifaa kinachoziba hasara ambayo tayari anaipata, na kifaa cha kuongeza wingi kije mwisho, tena kwa sharti. Ili kuona sababu, tuifuate kazi yenyewe hatua kwa hatua.

Kutoka ulezi hadi chunguni

Malwa, ambayo Wateso huiita ajono, hutengenezwa kwa njia mbili zinazokutana mwishoni. Njia ya kwanza ni ya unga. Ulezi husagwa, unga ukakandwa kwa maji kidogo hadi uwe mabonge, kisha ukafungwa kwenye gunia au kwenye shimo lililotandikwa majani ya mgomba. Huachwa uchachuke kwa muda wa wiki moja hivi. Ukishakuwa mchachu hukaangwa juu ya moto kwenye bati au karai pana, ukigeuzwa bila kupumzika mpaka upate rangi ya kahawia, halafu huanikwa juani. Unga huo ukikauka vizuri hukaa miezi bila kuharibika.

Njia ya pili ni ya kimea. Ulezi mzima hulowekwa, ukatolewa majini, ukafunikwa kwa majani au magunia siku mbili tatu hadi uchipue, kisha ukakaushwa na kusagwa. Kimea ndicho chenye nguvu ya kugeuza wanga kuwa sukari. Unga uliokaangwa na kimea huchanganywa na maji, na mchanganyiko huo huchachuka kwa siku mbili hadi nne. Siku ya kuuza, ule uji mzito huwekwa kwenye chungu, ukamiminiwa maji ya moto, na wanywaji wakauzunguka kwa mirija mirefu yenye kichujio mwishoni. Maji ya moto huongezwa jioni nzima mpaka ladha iishe.

Msomaji wa Kisumu ataona kuwa hii ni ndugu wa busaa, ambayo nayo huanza kwa unga wa mahindi uliochachushwa na kukaangwa. Msomaji wa Moshi atakikumbuka kimea cha ulezi kinachoingia kwenye mbege. Kwa hiyo hesabu itakayofuata, ingawa ni ya Kalerwe, inaweza kuvuka mipaka.

Katika upishi wa malwa, mambo mawili yanaamua yote yanayofuata. La kwanza, ulezi mkavu na unga uliokaangwa havina haraka, lakini pombe iliyokwisha kuchanganywa ina saa zake. Bakteria wa uchachu wanaendelea kufanya kazi hata baada ya hamira kumaliza, na malwa iliyokuwa tamu leo, keshokutwa huwa kali ya kukunja uso. La pili, moto unahitajika mara mbili: mara moja kukaanga, na tena kila jioni kuchemsha maji ya wanywaji. Moto wa pili hauishi maadamu biashara ipo.

Hesabu ya kila wiki

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mpishi anayetaka kuchagua kifaa anahitaji kujua mambo manne tu kwa wiki: anapika mara ngapi, kila mpiko unamgharimu kiasi gani, mipiko mingapi inaharibika kabla ya kuisha, na mkaa unakula kiasi gani. Akiwa nayo, kila kifaa kinaweza kuulizwa swali moja: kitachukua wiki ngapi kurudisha pesa yake?

Tuchukue mfano. Bei ninazotumia ni za kufanyia hesabu, si za soko la leo. Kila mpishi aweke zake. Tuseme anapika mara mbili kwa wiki, kila mpiko unamgharimu shilingi 90,000, na ukiuzwa wote unaleta 120,000. Katika kila mipiko kumi, mmoja unachacha kabla haujauzwa. Mkaa wa jioni unakula 24,000 kwa wiki.

Mpiko mmoja ukiharibika katika kumi, kila mpiko unabeba hasara ya wastani wa 9,000, yaani 18,000 kwa wiki. Chombo kizuri cha kuchachushia, cha 80,000, kikipunguza uharibifu huo kwa nusu, kinaokoa 9,000 kwa wiki na kujilipa ndani ya wiki tisa. Sigiri bora ya 40,000 ikipunguza mkaa kwa theluthi moja, inaokoa 8,000 kwa wiki. Imejilipa kwa wiki tano.

Sasa pipa la pili, nalo la 80,000, ili apike mpiko wa ziada kila wiki. Ukiuzwa wote, faida ni 30,000 na pipa linajilipa kwa wiki tatu tu. Hapo ndipo ushauri wa majirani unapopata nguvu, na kwenye karatasi wana haki. Lakini mpiko wa ziada ukiuzwa robo tatu tu, unaleta 90,000, yaani gharama yake kamili, na faida ni sifuri. Ukiuzwa nusu, mpishi anapoteza 30,000 kila wiki kwa sababu ya kifaa alichokinunua ili kimwongezee kipato.

Sigiri haina hatari hiyo. Mkaa usiochomwa umeokolewa, wateja wawe wengi au wachache. Akiba ya sigiri iko mikononi mwa mpishi, ilhali faida ya pipa iko midomoni mwa wanywaji, ambao siku ya mvua hawaji, na katikati ya mwezi wanakuja wakiwa na pesa kidogo. Mwenye mtaji mkubwa anaweza kucheza na faida ya namna hiyo kwa sababu akishindwa wiki nne bado yupo sokoni. Mwenye laki mbili akishindwa wiki nne amemaliza mtaji.

Moto: pesa inayotoka kimya kimya

Gharama ya mkaa hupuuzwa kwa sababu hulipwa kwa vipande, kopo leo na kopo kesho. Lakini inapimika. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka hapo kwenye nyuzi 96 hivi. Kupandisha lita 20 za maji kutoka joto la mtungi hadi kuchemka kunahitaji kiasi cha nishati kinachojulikana. Sigiri ya bati tupu hupeleka kwenye sufuria kama sehemu moja ya tano ya joto la mkaa, na nyingine yote huishia hewani. Kwa sigiri hiyo, lita 20 zinakula kilo moja ya mkaa na kidogo. Sigiri yenye utando wa udongo wa kuchomwa, ikipeleka theluthi moja au zaidi, inafanya kazi hiyohiyo kwa gramu 600 hivi.

Jiko la namna hiyo si jambo geni Afrika Mashariki. Jiko la kauri lilienea Kenya kuanzia miaka ya 1980, na Kampala ina watengenezaji wake, Ugastove wakiwa miongoni mwa wanaojulikana. Cha kutazama wakati wa kununua ni utando: usiwe na ufa, uwe umeshikana na bati bila kucheza, na mlango wa hewa uwe unafunga na kufunguka. Mlango usiofunga humfanya mpishi achome mkaa hata wakati anahitaji makaa ya kuweka joto tu.

Kabla ya sigiri yenyewe kuna mambo mawili ambayo hayagharimu karibu chochote. La kwanza ni mfuniko unaobana sufuria. Kuchemsha maji wazi ni kuuza mvuke. La pili ni kutenganisha kazi ya kuchemsha na kazi ya kuweka joto. Maji ya wanywaji huhitajika kidogo kidogo kwa saa nyingi, na mpishi huacha moto uwake jioni nzima kwa ajili ya bilauri mbili tatu kila robo saa. Sufuria iliyochemka, ikafunikwa na kuzamishwa katika kapu lililojazwa vitambaa vikuukuu au maganda makavu ya migomba, hubaki ya moto kwa saa kadhaa bila mkaa. Kapu hilo likiongezwa kwenye sigiri bora, theluthi niliyoiweka kwenye mfano inaweza kupitwa.

Chombo: afya kwanza, hesabu baadaye

Kuna kifaa kimoja kisichosubiri hesabu ya wiki, nacho ni kibadala cha chombo chenye sumu. Malwa ni chachu, na uchachu unakula vyuma. Ndoo ya mabati iliyopakwa zinki huachilia zinki ndani ya pombe chachu, na zinki nyingi hutapisha na kuumiza tumbo. Pipa la plastiki lililokuja Kampala na rangi, dawa ya mimea au kemikali ya kiwandani haliwi salama kwa kuoshwa, kwa sababu plastiki hunywa kilichokuwa ndani na kukirudisha taratibu. Mpishi mwenye chombo cha namna hiyo asipige hesabu ya marejesho. Akibadilishe kwa shilingi zake za kwanza, kwa ajili ya watu wanaomwamini na kukaa kwenye chungu chake.

Akienda soko la Owino au kwa wauza vyombo wa Kikuubo, aulize pipa lilibeba nini awali na atafute alama ya bilauri na uma, inayoonyesha kuwa plastiki ilitengenezwa kwa ajili ya chakula. Namba 2 ndani ya pembetatu inaeleza aina ya plastiki tu. Haielezi historia ya pipa. Mdomo uwe mpana kiasi cha mkono kufika chini. Jerikeni ni nzuri kubebea maji, lakini shingo yake nyembamba haimruhusu mtu kusugua ndani, na utando unaobaki kwenye pembe ndio unaochachusha mpiko unaofuata kabla ya wakati. Mikwaruzo nayo ni maficho ya wadudu, kwa hiyo plastiki isuguliwe kwa kitambaa laini, mchanga na waya wa chuma vibaki kwa masufuria.

Chuma cha pua ni bora kuliko vyote, lakini kwa laki mbili ni mapema. Mafundi wa Katwe wanaweza kuchomelea karibu kitu chochote, na bei yao huvutia. Anayewaagiza tangi ajue kwamba pipa la mafuta lililokatwa na kuchomelewa upya ni chuma cha kawaida: linafaa kwa kukaangia unga na kuchemshia maji, halifai kulaza pombe chachu siku tatu.

Mirija ihesabiwe hapahapa. Mmoja kwa kila mnywaji, ukimiminiwa maji yanayochemka ndani na nje kabla ya kila jioni, na kichujio chake kikafunguliwa na kusafishwa. Ni gharama ndogo kuliko zote katika orodha hii, na mteja huiona kwa macho yake kabla hajaonja chochote.

Bondeni maji hayabishi hodi

Hapa Kalerwe inatofautiana na mitaa ya juu ya vilima. Eneo hili liko chini, maji ya Mulago na Makerere yanateremka kuelekea Nsooba na kinamasi cha Lubigi, na majira ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, mitaro hufurika. Maji yanayoingia ndani hubeba taka na uchafu wa vyoo. Chochote cha kuliwa kilichoguswa nayo ni cha kutupa.

Mpishi mwenye akiba ya unga uliokaangwa wa 150,000 sakafuni, na mafuriko yakiingia mara moja kwa mwaka, ana hasara ya wastani ya karibu 3,000 kwa wiki. Jukwaa la mbao juu ya matofali, la 20,000, linajilipa kwa wiki saba. Kwenye hesabu linaonekana la kawaida, lakini wastani unaficha jambo: hasara ya mafuriko haiji kwa vipande vya 3,000. Huja usiku mmoja, yote kwa pamoja, na inaweza kufunga kazi. Kwa hiyo jukwaa lijengwe kabla ya mvua, hata kama sigiri inajilipa haraka kuliko lenyewe.

Kwa sababu ya uchafu huohuo wa bondeni, maji ya kuchanganyia yanastahili uangalifu. Chemchemi za mabondeni Kampala ziko karibu na vyoo vya shimo, na uchafu wake umethibitishwa mara nyingi. Uchachu na kileo hupunguza vijidudu, lakini havitoi hakikisho kwa pombe ya siku mbili. Maji ya bomba, au yaliyochemshwa na kupozwa, ndiyo ya kutumia.

Kichanja cha kuanikia kinafuata. Kimea kilichotandazwa chini kwenye turubai hupata vumbi la barabara, kuku, na unyevu unaopanda kutoka ardhini. Kikichelewa kukauka huota ukungu, na baadhi ya ukungu huacha sumu ambazo kukaanga na kuchachusha haviziondoi kabisa. Fremu ya mbao iliyotandikwa wavu, ikainuliwa hadi kiunoni, hupitisha hewa juu na chini na kupunguza muda wa kukausha. Karatasi ya nailoni angavu juu yake huzuia mvua ya ghafla bila kuzuia jua. Fundi yeyote wa mbao sokoni anaweza kuitengeneza kwa mabaki.

Ushauri wa ng'ambo na mipaka yake

Anayetafuta maarifa ya kupika pombe nyumbani hukutana haraka na ushauri wa Ulaya na Marekani: nunua haidromita, nunua kipimajoto, nunua friji ya kudhibiti joto la kuchachusha. Ushauri huo ni wa kweli kwa pombe yao. Bia yao ya shayiri huchujwa ikawa maji safi, hukaa wiki kadhaa, na joto likipanda hamira yao hutoa harufu mbaya.

Malwa ina masharti mengine. Haidromita huelea kwenye kioevu na kusoma uzito wake. Katika uji mzito wenye chembe husoma uongo. Friji haina kazi, kwa kuwa hali ya hewa ya Kampala, yenye wastani wa nyuzi 21 hadi 23 mwaka mzima, inaifaa hamira ya malwa, na pombe hunywewa kabla ya siku kupita. Mpishi asijione yuko nyuma kwa kukosa vifaa hivi. Pombe yake ilikamilika katika hali ya hewa hii, kwa nafaka hii, na vizazi vya wanawake wa Teso na Bugisu waliipima kwa ulimi na pua kabla mtu hajaleta kipimo cha kioo.

Kipimajoto kina nafasi yake, lakini si kwa kila mtu. Kimea hupoteza nguvu kikikutana na maji yanayozidi nyuzi 70 na kidogo, na hamira hufa mapema zaidi, karibu na nyuzi 50. Anayechanganya kwa maji baridi hana wasiwasi. Anayeanza kwa uji wa moto, kama wafanyavyo baadhi ya wapishi ili pombe iwahi, anaweza kuua kimea bila kujua na kulaumu mbegu. Huyo kipimajoto kitamfaa.

Kipimo ambacho wote wanakihitaji ni mzani. Ulezi hununuliwa kwa kopo na debe, na kopo la muuzaji mmoja si kopo la mwingine. Kimea hutiwa kwa kukadiria, na ndiyo maana pombe ya Jumanne huwa nzito na ya Ijumaa ikawa nyepesi. Wanywaji wa malwa hukaa kwa vikundi. Mmoja akisema pale siku hizi pamelegea, huhama kikundi kizima. Mzani mdogo wa kuning'iniza humpa mpishi uwezo wa kurudia leo alichofanikiwa wiki iliyopita, na humlinda dhidi ya kopo lililobonyezwa chini.

Vya kuacha

Mashine ya kusaga huwavutia wengi, kwa kuwa kila safari ya kwenda kusagisha Kisenyi inagharimu nauli na ada. Lakini mashine inahitaji umeme wa uhakika, fundi, na nafaka ya kuilisha kila siku. Mpishi wa mipiko miwili kwa wiki angeiacha imelala siku tano. Ada ya Kisenyi ni nafuu kwake, mradi aombe kusagiwa baada ya nafaka nyingine safi, si baada ya muhogo mkavu wenye ukungu.

Mtambo wa kukenesha waragi ni suala lingine kabisa. Baadhi watasema ndiyo njia ya kuokoa pombe iliyochacha: uikeneshe, uuze. Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 ilitaka leseni kwa kazi hiyo, na nyua za Kalerwe hazina. Zaidi ya sheria kuna maisha ya watu. Mwaka 2010 makumi ya watu wa Kabale na maeneo ya jirani walikufa kwa kunywa waragi yenye methanoli. Moto wazi na mvuke wa kileo ndani ya mtaa wa vyumba vilivyobanana ni hatari ya pili. Hakuna hesabu ya marejesho inayostahili kufanywa hapa.

Tonto na kwete

Anayepika tonto ana hesabu nyingine, maana hasara yake iko mahali pengine. Ndizi za pombe huivishwa, zikamenywa, zikakamuliwa kwa miguu au mikono pamoja na majani ya nyasi, na maji yake yakachanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, kisha yakafunikwa kwenye mtumbwi wa mti kwa siku moja hadi tatu. Hapa hakuna maji ya moto ya kila jioni, kwa hiyo sigiri haina uzito. Hasara iko kwenye juisi inayobaki ndani ya makapi. Kikamulio cha mbao chenye skrubu, au hata gunia safi la wavu na ubao wa kukandamizia, ndicho kinachopaswa kushindana na chombo cha kuchachushia kwa nafasi ya kwanza. Suala la chombo nalo ni gumu zaidi, kwa kuwa mtumbwi wa mti una nyufa zinazotunza uchachu wa mwaka jana; pipa la chakula lenye mdomo mpana linamwondolea mpishi nusu ya matatizo yake.

Kwete iko karibu na malwa kwa namna ya kuandaa, lakini hutolewa ikiwa imechujwa. Mpishi wake atafaidika na kitambaa imara cha kuchujia na ndoo ya pili yenye bomba chini, vitu vya bei ndogo vinavyookoa pombe nyingi inayobaki kwenye machicha.

Lini wingi uwe na haki

Pipa la pili halikatazwi. Lina dalili zake. Dalili ni moja tu inayoaminika: chungu kinaisha kabla ya wateja kuondoka, na hali hiyo inarudia kwa majuma kadhaa, si mwisho wa mwezi pekee. Mteja anayesema ungepika zaidi ningenunua hajatoa pesa. Chungu kilichokauka saa mbili usiku kimetoa ushahidi.

Hata hapo kuna njia nafuu ya kukua kabla ya pipa. Kwa kuwa unga uliokaangwa hukaa na pombe haikai, wingi wa mpishi uwekwe upande wa vikavu. Ulezi husifika kwa kutunzika muda mrefu bila kuliwa na wadudu, na bei yake hushuka baada ya mavuno ya Teso katikati ya mwaka. Magunia mawili ya ziada juu ya jukwaa, yaliyonunuliwa wakati wa bei nzuri, humwezesha mpishi kuitikia wiki yenye sherehe na kutulia wiki kavu. Pipa lililojaa pombe halimpi nafasi hiyo.

Kuna funzo la karibuni pia. Kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022 baa za Uganda zilifungwa kwa sababu ya korona. Kila kifaa kiulizwe: siku pombe ikisimama, kitafanya nini? Sigiri hupika chapati na maharage ya kuuza. Pipa safi hutunza maji. Mzani hupima dagaa. Kifaa chenye kazi moja tu kinamfunga mwenyewe pamoja na biashara yake.

Kununua kwa pamoja

Baadhi ya vifaa havina sababu ya kumilikiwa na mtu mmoja. Kichanja hutumika siku chache kwa wiki. Karai pana la kukaangia hutumika asubuhi moja. Wapishi watatu wa ua mmoja wakichanga, kila mmoja anapata kifaa kamili kwa theluthi ya bei. Vikundi vya akiba vipo tayari karibu kila mtaa wa Kampala, na vikundi vingi vya wanywaji wa malwa vyenyewe huweka akiba kwa pamoja. Kinachohitajika ni makubaliano ya wazi kabla ya kununua: nani anatunza, nani anatumia siku gani, na kikivunjika nani analipa. Vifaa vya usafi, yaani chombo cha kuchachushia na mirija, vibaki vya mtu binafsi, kwa sababu uchafu wa mmoja usiwe hasara ya watatu.

Mpangilio wa laki mbili

Kwa mpika malwa wa Kalerwe, kwa bei za mfano wetu, ningezipanga hivi. Kwanza, chombo chenye sumu kiondolewe; kama kipo, 80,000 za pipa jipya zitangulie vyote. Kama hakipo, jukwaa la 20,000 litangulie kabla ya mvua, kisha sigiri ya 40,000 pamoja na mfuniko na kapu la joto la 10,000. Akiba ya mkaa itakayoanza kuingia wiki hiyohiyo ichangie pipa la 80,000. Kichanja cha 25,000 na mzani wa 15,000 vifuate. Jumla ni 190,000, na 10,000 zilizobaki ni za mirija. Mwenye 50,000 tu achukue mfuniko, kapu, mirija na jukwaa. Atakuwa ameziba matundu manne bila deni.

Akishaviweka vyote, mpishi yuleyule, kwa mipiko miwili ileile, anabaki na karibu 17,000 zaidi kila wiki kutokana na mkaa na uharibifu peke yake, bila kumtafuta mteja hata mmoja mpya. Ndani ya miezi mitatu ana laki mbili nyingine. Hapo, chungu kikiwa kinaisha mapema kila jioni, pipa la pili litanunuliwa kwa pesa ambayo kazi yenyewe imezaa, na kama wanywaji hawatakuja, kitakachopotea ni faida, si mtaji.